ANAYEULIZA AJUE KUSIKILIZA



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya mupira, juu ya kwaya, juu ya usafi wa madarasa na juu ya Examen ya Serikali. Leo tunaomba nafasi kidogo ya kusema juu ya jambo moja la kompyuta. Wale wasiosoma informatiki wasigeuze ukurasa mbio. Jambo hili linahusu mama zetu na baba zetu kuliko linavyohusu mashini.

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana siyo vizuri kufundisha wengine wakati mutu anaficha yake.

Mutakumbuka ile siku wazazi walipoitwa kuleta muchango wa kununua bati za nyumba ya vitabu. Sisi wa kikundi cha informatiki tulijitolea kuandika michango. Tulisema daftari ni kazi ya zamani, tutatengeneza programu. Na kweli tuliitengeneza, kwa lugha ya Python, programu fupi ya mistari isiyofika makumi mbili. Ilikuwa inauliza mambo mawili tu: jina lako, na franka ngapi umeleta. Kisha inasema asante na kuita mutu mwingine. Tulipanga kwamba kila muzazi akae yeye mwenyewe mbele ya klavie, aandike kwa kidole chake. Tuliona ile ni heshima kubwa.

Siku ile umeme ulikatika tangu asubuhi. Tulitumikisha jeneratere, na esanse ilikuwa kidogo. Kwa hiyo tulikuwa nyuma ya wazazi tukisema: mbio kidogo, Baba, mbio kidogo, Mama.

Baba wa kwanza aliandika jina lake bila shida. Programu ikauliza franka. Yeye akatafuta tushi ya 5 kule juu kwenye mustari wa namba, akaibonyeza, kisha mara tatu ile ya 0. Kwenye kioo kukatokea hivi: (ààà. Klavie zetu nyingi hapa ni za kifaransa, zile zinazoanza na A na Z. Juu yake namba haitoki kama hukushika kwanza ile tushi ya kuinua herufi. Usipoishika, 5 inatoa mabano na 0 inatoa herufi a yenye alama. Baba hakukosa. Alibonyeza mahali palipoandikwa 5. Lakini programu ilianguka, ikajaza kioo na maneno mekundu ya kiingereza. Watu waliokuwa kwenye mustari wakaanza kucheka. Mmoja wetu akasema kwa sauti: "Baba, umeharibu!" Tunaomba Baba yule atusamehe. Yeye hakuharibu kitu.

Lakini lile halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilipita kimya, na hakuna mutu aliyeliona siku ile.

Mama mmoja anayeuzisha lengalenga na matembele kwenye soko alikaa. Yeye alitumia zile namba za upande wa kuume wa klavie, mahali namba zinatoka zenyewe. Aliandika polepole, kidole kimoja, sawa vile anavyoandika kila jioni ndani ya kikaye chake cha biashara: 50.000. Aliweka na nukta yake, maana hapa kwetu elfu inaandikwa na nukta. Programu haikulalamika. Haikuonyesha neno jekundu. Ilisema: asante Mama. Yeye akasimama, akatabasamu, akaenda.

Siku ya pili tulibandika majina na michango kwenye ukuta. Mbele ya jina la yule Mama kuliandikwa: 50.

Alikuja siku ya tatu, na hakuja na makelele. Alifungua ncha ya kitenge, akatoa kikaratasi cha mutunza-feza kilichotiwa sahihi, akatuonyesha. Akasema: "Batoto, miye nilileta elfu makumi tano. Juu ya nini hapa muliandika makumi tano? Bantu ba mu kartie banasoma hii karatasi. Franka makumi tano haiuze hata bombo moya. Banasema miye njo nilileta ile."

Tulitazama chini. Mmoja wetu alijaribu kusema, "Mama, ni kompyuta." Mama akajibu: "Kompyuta inanijua? Ni ninyi munanijua."

Ndugu wasomaji, jibu lile ndilo lililotufanya tuandike haya.

Sasa tueleze namna jambo lilivyotokea, ili wale walio nje ya darasa la informatiki nao wafahamu.

Katika Python, neno la kuuliza ni input. Ndani ya mabano yake tunaweka ulizo, kwa mufano:

     jina = input("Jina lenu ni nani? ")

Mashini inaandika lile ulizo kwenye kioo, kisha inasimama. Haifanyi kitu kingine. Inangoja mutu abonyeze tushi zake, moja moja, na mwisho abonyeze ile kubwa ya Entre. Hata akikaa nusu saa akifikiri, mashini inangoja. Akishabonyeza Entre, yale aliyoyaandika yanawekwa katika kisanduku tulichokiita jina. Ni hayo tu. Mutoto wa darasa la kwanza anaweza kulijifunza kwa saa moja. Ndiyo maana wengi wanaipenda Python, tangu muholanzi Guido van Rossum alipoitoa mwaka 1991, na leo inafundishwa kwa waanzaji katika inchi nyingi.

Lakini kuko jambo moja ambalo waanzaji wote wanagonga mguu juu yake. Kila kitu kinachotoka kwenye klavie kinafika kama maandiko. Hata ukiandika 25, mashini haijui kwamba ni hesabu. Inaona alama mbili tu, 2 na 5, sawa vile inavyoona A na B. Ukiuliza mara mbili, mutu akaandika 25 na tena 25, kisha ukasema jumlisha, haitasema 50. Itasema 2525, maana imeshonea maandiko kwa maandiko. Ili ipate hesabu, wewe mwenye kuandika programu ni lazima uigeuze. Neno int linageuza maandiko kuwa namba nzima. Neno float linageuza kuwa namba yenye sehemu.

Sisi tuliweka float. Tulifikiri: ile inapokea zote, nzima na yenye sehemu, basi ni salama zaidi. Lakini float inasoma kwa desturi ya kiingereza, mahali nukta inatenga namba nzima na sehemu zake. Kwake yeye 50.000 ni makumi tano, na nyuma ya nukta zero tatu zisizo na kazi. Sisi hapa tumefundishwa kinyume: sehemu tunaitenga na virgili, na nukta ni ya kutenga maelfu. Mwalimu wa hesabu anaandika 12,5 kwenye ubao. Ukiiandika ile kwa float, programu inaanguka. Mama anaandika 50.000; float inaipokea, lakini inaisikia vibaya.

Basi tazameni tofauti ya makosa haya mawili. Lile la Baba lilipiga kelele, kila mutu akaliona, tukaanza upya, na muchango wake uliandikwa sawa. Lile la Mama lilisema asante. Sisi tulicheka lile la kwanza na kuliogopa. Kumbe lile la kwanza ni rafiki. Programu inayoanguka inasema: sikufahamu. Programu inayopokea bila kufahamu na kusema asante, ile ndiyo inayopoteza pesa ya watu na jina la watu.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya: kama programu imemusikia mutu vibaya, kosa ni la aliyeandika programu, siyo la aliyeandika jibu. Anayeuliza ndiye mwenye kazi ya kusikiliza.

Tunajua wengine hawakubali. Tumezungumuza sana na wenzetu darasani na chini ya muembe, na tumesikia maneno ya namna tatu. Tuyajibu moja moja, bila kumukosea mutu heshima.

Neno la kwanza: "Watu wajifunze kutumia mashini. Hatuwezi kutengeneza programu kwa kila mutu asiyejua." Tunakubali kwamba kujifunza ni muzuri. Lakini yule Mama alikosa nini? Aliandika namba namna ilivyo kwenye kikaratasi cha mutunza-feza. Aliandika namna waalimu wetu wanavyoandika. Kama tungemutuma dukani na kikaratasi kile kile, muuza-duka wa Lubumbashi angejua mara moja. Asiyejua hapo ni mashini, na aliyeshindwa kuifundisha ni sisi.

Hata wakubwa walioanza kazi hii walitafuta kumurahisishia mutu. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth kule Marekani, waalimu wawili John Kemeny na Thomas Kurtz walitengeneza lugha ya BASIC ili hata wanafunzi wasiosoma hesabu nyingi waweze kutumia kompyuta. Mwanzoni BASIC haikukuwa na neno la kumuuliza mutu wakati programu inatembea. Kila namba iliandikwa mbele ndani ya programu yenyewe. Neno la kuuliza, INPUT, liliongezwa nyuma kidogo, mwaka 1966. Na katika kompyuta ndogo za miaka ya 1980 zilizotumia BASIC ya Microsoft, kama ile Commodore 64 ya mwaka 1982, ukiandika herufi mahali paliulizwa namba, mashini haikuanguka. Ilisema tu uanze tena, na ulizo likarudi. Mashini ile ilikuwa na akili kidogo sana kuliko simu zetu za leo, lakini ilijua kuuliza mara ya pili. Programu yetu sisi haikujua.

Na tusifikiri kwamba kupokea kila kitu ndiyo wema. Katika Python ya zamani, ile ya pili, neno input lilikuwa linachukua maandiko ya mutu na kuyatekeleza kama amri. Mutu mwenye nia mbaya aliweza kuandika amri mahali pa jina, na mashini ikatii. Kwa hiyo wenye akili walitumia neno lingine, raw_input, lililopokea maandiko tu. Python ya tatu ilipotoka mwisho wa mwaka 2008, waliondoa ile hatari: input ya leo inapokea maandiko tu, na kazi ya kuyapima ni yako wewe. Kusikiliza siyo kutii kila neno. Kusikiliza ni kupima neno, na usipofahamu, kuuliza tena.

Neno la pili: "Programu za masomo ziulize kwa kifaransa. Kifaransa njo lugha ya masomo." Sisi tunaheshimu kifaransa, tutaandika Examen ya Serikali kwa kifaransa, na darasani tunaandika algoritme kwa Lire na Ecrire. Lakini ulizo siyo kwa ajili ya mwalimu anayetia pointi. Ulizo ni kwa ajili ya mutu aliyekaa mbele ya klavie. Yale maneno yaliyo kati ya alama za kunukuu ndani ya mabano ya input ni yetu kabisa. Python haiyasomi. Unaweza kuyaandika kwa kiswahili, kwa kibemba, kwa kiluba ao kwa kisanga, nayo itayaonyesha vile vile. Basi juu ya nini tumuulize muzee wa Naviundu kwa lugha inayomutia haya, na sisi ndio watoto wake?

Na ulizo liwe wazi. Yetu ya kwanza ilisema "Montant:" na nukta mbili, basi. Montant ya nini? Kwa franka ao kwa dola? Hapa watu wanatumia zote mbili katika siku moja. Mutu akileta dola makumi mbili na kuandika 20, programu itajua namna gani? Ulizo baya linazaa jibu baya, hata kwa mutu mwenye kusoma sana.

Tuseme tena juu ya majina. Mmoja wetu alitengeneza programu iliyochukua jibu la ulizo la jina na kulikata katika vipande viwili, jina na prenome, sawa alivyoona katika mufano mmoja wa kigeni. Alipoijaribu kwa jina lake mwenyewe lenye maneno matatu, programu ilianguka. Alicheka sana, lakini ni jambo la kufikiri. Sisi tuna jina, tuna post-nom, na wengi tuna prenome. Post-nom ina historia yake: mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya kikristo, wazazi na babu zetu walichukua majina ya ukoo mahali pake, na nyuma ya mwaka 1990 wengi walirudisha yale ya ubatizo bila kutupa haya mengine. Maneno yale matatu ni historia ya jamaa. Programu isiyo na nafasi ya maneno matatu inasema kwamba mutu huyu hayuko. Afazali kuuliza hivi: "Andikeni jina lenu lote", na kulipokea lote bila kulikata.

Neno la tatu: "Hayo yote ni ya nini? Leo kuko akili ya kompyuta ndani ya simu. Unaiomba programu, inakuandikia." Ni kweli, na sisi wenyewe tumejaribu. Wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani. Tunaandika Python ndani ya simu, na ni jambo muzuri. Lakini ile akili ya simu haikuwa pale wakati Mama alipofungua ncha ya kitenge. Haijui kikaye chake cha biashara. Haikuona klavie yetu yenye tushi zilizofutika. Inaweza kukuandikia mistari mizuri kabisa yenye float ndani, na Mama atapata 50 vile vile. Kujua watu watakaojibu, ile ni kazi yetu, na hakuna mutu mwingine wa kutufanyia.

Sasa, ili musiseme tunalia tu bila dawa, hii ndiyo namna tulivyoirudilia. Tunaiweka hapa ili wenye kutaka waijaribu:

     while True:
         jibu = input("Mumeleta franka ngapi? ")
         safi = jibu.replace(".", "").replace(" ", "")
         if not safi.isdecimal():
             print("Hatujasikia muzuri. Tafazali andikeni tena kwa namba.")
             continue
         print("Tumesikia franka", safi)
         kweli = input("Ni vile? Andikeni ndiyo ao hapana: ")
         if kweli.strip().lower() in ("ndiyo", "ndio", "eyo", "oui"):
             break
     franka = int(safi)

Tuisome pamoja. Mustari wa kwanza unasema: zunguka mpaka tufahamiane. Wa pili unauliza. Wa tatu unaondoa nukta na nafasi, ili 50.000 na 50 000 na 50000 ziwe kitu kimoja, maana watu wetu wanaandika kwa namna zote tatu. Kisha tunapima kama zimebaki namba tu. Kama Baba ameandika (ààà, programu haianguki, inasema kwa adabu kwamba haikusikia, na kuuliza tena. Muone: tumeandika "hatujasikia muzuri", hatukuandika "umekosa". Tofauti ile ni maneno mawili tu, lakini kwa muzee aliyekaa mbele ya watu ni tofauti kubwa.

Tena kuko jambo ambalo tunaliona ni kubwa kupita yote: programu inarudisha ilichosikia. "Tumesikia franka 50000. Ni vile?" Ni desturi yetu sisi wote. Mama akikutuma sokoni anakuambia: rudilia, nimesema nini? Na wewe unarudilia, ndipo unaenda. Kama programu yetu ingerudilia siku ile, ingesema: tumesikia franka 50. Mama angesema hapana, na mambo yangeishia pale pale, bila haya.

Na ile dawa ya nukta nayo siyo kamili. Mutu akiandika 12.5 itakuwa 125. Kwa franka zetu hakuna anayeleta nusu, lakini kwa dola inawezekana. Ndiyo maana hatutegemei kuondoa nukta tu. Tunategemea ulizo la pili. Na pale kwenye ndiyo, mara ya kwanza tuliandika "ndiyo" peke yake. Tukamwita bibi wa mmoja wetu ajaribu. Programu ikamuuliza, ni vile? Yeye akaandika: eyo. Programu ikakataa, ikazunguka. Akaandika tena: eyo. Ikazunguka tena. Bibi akatugeukia: "Hii mashini haisikiye kiswahili?" Tukaongeza eyo. Kuuliza si ujinga, wanasema wazee, na sisi tunaongeza kwamba kuulizwa na bibi ni shule.

Wanafunzi wa masomo yetu wanajua habari iliyo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, juu ya watu waliosimamishwa kwenye vivuko vya Yordani na kuambiwa watamuke neno moja. Aliyekosa herufi moja ya neno lile, aliuawa. Na kitabu kinasema walianguka watu 42.000. Ulizo lile halikukuwa la kutaka kujua. Lilikuwa la kunasa. Tunaandika hivi kwa kuwa leo mashini zinaanza kukaa kwenye vivuko vingi: kwenye banki, kwenye simu ya kutuma pesa, kwenye kuandikisha mutoto masomoni, kwenye kuandikisha watu kwa uchaguzi. Na wale watakaoandika maulizo ya mashini zile katika inchi hii, wengine ni sisi tunaokaa leo kwenye viti hivi. Tukizoea sasa kusema "Baba umeharibu", tutasema vile vile siku tutakapokuwa wakubwa wa kazi.

Basi tunaomba mambo matatu.

Kwa wenzetu wa informatiki: programu yoyote ya kutumikia watu isitumike kabla ya kujaribiwa na watu watatu wasiosoma informatiki, na mmoja wao awe muzee. Musikae nyuma yao mukiwaambia bonyeza hapa, bonyeza pale. Mukae kimya, muandike kwenye karatasi mahali wanaposimama. Pale wanaposimama ndipo programu yenu ina shimo.

Kwa waalimu wetu: tunashukuru sana kwa kazi munayofanya na kompyuta chache na umeme usioaminika. Tunaomba tu kwamba munapotia pointi za kazi yetu, musipime jibu zuri peke yake. Muandike mambo ya kipumbavu kwenye klavie: herufi mahali pa namba, Entre bila kitu, nukta, virgili. Mutupe pointi kwa namna programu inavyojibu hapo. Hata wakati hakuna umeme, jambo hili linafundishika kwenye ubao: mwanafunzi mmoja awe mashini, mwingine awe muzazi.

Na kwa wasomaji wengine wote: mashini ikiwakatalia, musione haya. Semeni kwa nguvu: haijanisikia. Muiteni aliyeitengeneza.

Kuhusu Mama yetu, karatasi ya ukuta iliondolewa siku ile ile, na nyingine ikabandikwa yenye 50.000 na nukta yake. Tuliandika chini kwa mukono: kosa lilikuwa la kikundi cha informatiki. Tena watatu kati yetu walienda kwenye soko kumuomba musamaha mbele ya wenzake wanaouzisha naye, maana ni mbele yao aliona haya. Alitupa kifungu cha matembele, akakataa pesa. Akauliza kama bati zitatosha. Tulimwambia bado. Akasema siku nyingine atakuja tena na muchango, lakini ataandika yeye mwenyewe, kwenye klavie, na sisi tusimame mbali.

Sisi wa Kikundi cha Informatiki, Naviundu